Karatasi ya Maoni Iliyokwenda Matangani

Mkinikuta matangani, vijana wangu, mtaona jambo la kuchekesha. Karatasi ya majina ikipitishwa, watu wote wanasaini huku wakiendelea na mazungumzo yao, lakini mimi naigeuza mbele na nyuma, nasoma kichwa chake, nauliza imetoka kwa nani na inaenda wapi. Juzi kijana mmoja wa hapa Amalemba, ninakokaa, aliniinamia sikioni, "Senje, hayo ni majina ya wageni tu." Senje ni shangazi, na siku hizi mimi ni shangazi wa mtaa mzima. Nikamwambia najua, lakini niliwahi kupitisha karatasi kama hiyo kwa mikono yangu, na ilinifikisha mbele ya jaji.

Jina langu ni Rispa Khayesi. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuipeleka Katiba kwa watu na kuwaleta watu kwa Katiba. Cheo kilikuwa kirefu: Afisa wa Elimu ya Uraia na Ushirikishwaji wa Umma. Hakikutoshea kwenye kitambulisho cha kazi, kwa hiyo wakaandika "Afisa" na kuniachia mimi nieleze yaliyobaki. Ofisi yenyewe sitaitaja, kwa sababu kosa nitakalowasimulia lilikuwa langu peke yangu, na wenzangu hawana haja ya kuoga maji niliyoyachafua mimi. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hizi sasa, wenye simu kubwa na makundi ya WhatsApp na vipaza sauti visivyokoroma. Vifaa vimebadilika, lakini mitego ni ile ile.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Hamisi Makokha, mtu wa Mumias, mpole, kofia yake nyeupe kila siku kama imetoka kufuliwa. Alikuwa akifika mkutanoni anaanza na asalaam aleikum, halafu anaongeza bwana asifiwe, halafu anamalizia na mulembe, salamu ya Kiluhya, ili asibaki mtu hajasalimiwa. Nilimuuliza kwa nini anapoteza muda hivyo. Akasema, "Dada, mtu ambaye hujamsalimia hawezi kukusikiza. Yuko hapo anangoja salamu yake."

Mkutano wangu wa kwanza ulikuwa Malava, na niliuharibu vizuri kabisa. Nilisimama na kijitabu cha Katiba, nikafungua Ibara ya Kwanza, nikaanza kusoma kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari. Nilipofika ibara ya nne nikainua macho. Walikuwa wamebaki mlevi mmoja, aliyekubaliana na kila nilichosema, na mbuzi ambaye hakuwa na hiari kwa sababu alikuwa amefungwa kamba. Mzee Hamisi alikuwa amekaa kando anakula karanga. Njiani kurudi mjini hakunisema, aliniuliza tu kama kwetu tunakula kuku.

Wiki iliyofuata akanionyesha maana yake. Alisimama pale pale Malava, bila kitabu, akauliza, "Kuku akichinjwa kwenu, imondo anakulanga nani?"

Watu wakacheka. Kama hujazaliwa huku kwetu, imondo ni firigisi, na kwa mila yetu firigisi ina mwenyewe. Wakajibu kwa pamoja, "Baba!"

"Na nani aliweka hiyo kanuni?"

"Baba!"

"Na nyama anagawa nani?"

"Mama," wakasema, na mwanamke mmoja wa nyuma akaongeza, "lakini baba anaangalianga mkono."

"Na mama akisikia ameonewa, hiyo kesi anasikiza nani?"

Wanawake wote wakapasuka kwa kicheko: "Si ni huyo huyo baba!"

"Basi," Mzee Hamisi akasema, "huyo baba wa imondo ndiye Katiba imemkataa. Anayetunga kanuni awe mmoja, hilo ni Bunge. Anayegawa awe mwingine, hiyo ni Serikali. Anayesikiza malalamiko awe wa tatu, hiyo ni Mahakama. Na hata mmoja wao asisahau kwamba kuku si wake. Kuku ni wa nyumba nzima."

Hakuna aliyeondoka, na nadhani hata mbuzi angebaki bila kamba. Kwa mfano huo wa kuku nimefundisha Katiba miaka na miaka, nikauongezea viungo vyangu. Watu wakiuliza haki za msingi ni nini, nilikuwa nasema: hata nyumba nzima ikipiga kura kwamba mtoto mmoja asile, kura hiyo haihesabiki, kwa maana kuna vipande ambavyo wengi hawawezi kumnyang'anya mmoja. Wakiuliza kwa nini rais na diwani wote wako chini ya Katiba, nilisema kanuni ya nyumba ikishakubaliwa inamfunga hata aliyenunua kuku. Wakiuliza ugatuzi, nilisema ni kuacha kumpelekea kuku mtu wa Nairobi amkate halafu aturudishie miguu. Huko Chekalini mzee mmoja aliinuka na bakora yake, amekasirika kweli kweli. "Madam, sasa mimi nauriza. Hiyo Katiba yako inataka imondo ikuriwe na nani?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, hilo haisemi. Inasema tu tuulizwe."

Akafikiri, akakaa. Baadaye aliniambia ataendelea kula imondo, lakini kuanzia siku hiyo atakuwa anauliza kwanza. Nilihesabu hayo kuwa maendeleo.

Mzee Hamisi alikuwa na kanuni zake ndogo ndogo za kazi, na hizi ziandikeni hata kama mnaona ni za kizamani. Viti vipangwe kwa duara, kwa sababu ukiweka meza kuu mbele, watu wataiongelea meza. Mkutano uishe kabla ya saa nane mchana, kwa maana mvua ya Kakamega haisomi ratiba. Wanawake waliosimama nyuma na mizigo waulizwe kwanza, kwa kuwa ndio wa kwanza kuondoka. Makofi si kura, na kimya pia si kura. Lakini kanuni yake kubwa kuliko zote ilikuwa hii: usipange tarehe yoyote kabla ya kuuliza kama kuna maiti. Huku kwetu mtu akizikwa, kijiji kizima kiko huko, na kijiji jirani kimeenda kupika. Hakuna mkutano wa serikali utakaoshindana na mazishi.

Nilizijua kanuni hizo zote kwa moyo, na siku niliyoharibu nilivunja ile kubwa.

Kulikuwa na soko dogo kando ya barabara, upande wa kaskazini ya mji, ambalo nitaliita Kwa Ingokho, kwa sababu sifa yake ilikuwa kuku, na ingokho kwa Kiluhya ni kuku. Wanawake walikaa na matenga yao pale magari yanaposimama, msafiri ananunua kuku kupitia dirishani na safari inaendelea. Ikaja rasimu ya sheria ndogo ya kuwahamisha, wao na wauza mboga wa mikekani kando yao, waende nyuma kabisa, karibu na zahanati, mahali ambapo gari halipiti. Sheria ya namna hiyo haiwezi kupita bila wananchi kuulizwa. Hilo liko kwenye Katiba, na kuwauliza ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Mwanamke aliyekuwa na la kupoteza zaidi pale aliitwa Felista Nafula. Alirithi nafasi ya kwanza kutoka kwa mama yake, ile ambayo mlango wa gari unafungukia mbele yake. Alikuwa mjane, na kwa nafasi hiyo alikuwa anasomesha watoto watatu. Nilimfahamu kwa sababu kila nilipokwenda kufundisha alikuwa akikaa karibu na mimi akiuliza maswali magumu, huku mkono mmoja umeshika kuku miguu. Siku moja nilifundisha kwamba mwananchi ana haki ya kuomba kuona karatasi yoyote ya serikali inayomhusu. Akauliza, "Hata mimi wa kuku?" Nikasema hata wewe. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeweka kitu kabatini.

Basi, Mzee Hamisi alikuwa amekwenda harusini Matungu, mkuu wa ofisi alitaka ripoti haraka, na mimi nikajiona nimekomaa. Nikachagua Ijumaa. Nikabandika matangazo, nikakodi viti, sikumuuliza mtu kuhusu maiti. Ijumaa nikafika Kwa Ingokho na fomu zangu kwenye ubao wenye kibanio. Sokoni hapakuwa na mtu. Hapakuwa na viti pia. Mvulana wa duka akanionyesha kwa kidevu: Mwalimu mstaafu wa hapo alikuwa anazikwa, viti vyangu vilikuwa vimekodishwa huko huko, na waliovikalia ndio watu niliokuwa nimewaita.

Nilifuata viti. Nilikaribishwa vizuri, nikapewa sahani, nikakaa kwenye kiti nilichokodi mimi. Wakati huo daftari la wageni lilikuwa linapita mkono kwa mkono, na kila mtu analiandikia bila hata kukatiza wimbo. Hapo ndipo wazo la kijinga liliponijia, na wakati ule lilionekana la busara sana. Watu wa soko wote walikuwa hapo. Fomu zangu nilikuwa nazo. Haraka haraka haina baraka, lakini siku hiyo sikuwa natafuta baraka, nilikuwa natafuta saini. Nikamkabidhi ubao mtu wa mwisho katika safu, kibanio kikiwa kimefunika kichwa cha fomu, na fomu zikaondoka zenyewe. Kabla jeneza halijashuka karatasi sita zilikuwa zimejaa. Ripoti niliyoandika ilisema wananchi walijitokeza kwa wingi na hakuna aliyepinga. Lilikuwa neno la kweli kabisa, hawakupinga, walikuwa wanaimba.

Sheria ikapita. Akina mama wakapewa notisi ya kuhama. Na siku chache baadaye Felista akaingia ofisini kwangu, leso mbili, viatu vya kanisani.

"Mulembe, madam. Nimekuja kuona ile karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ile wanasema tulisaini. Si wewe ulituambia mtu anaweza kuomba?"

Ningeweza kumzungusha. Njoo kesho, mwenye ufunguo hayuko, andika barua. Ninyi wenyewe mnazijua hizo. Lakini nilikuwa na hakika na kazi yangu, kwa hiyo nikafungua faili kwa madaha nikamwekea mezani. Alisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Karatasi ya pili, kidole kikasimama.

"Hapa ni mimi. Felista Nafula. Namba ya kitambulisho ni yangu, saini ni yangu." Kisha akasogeza kidole hadi safu ya mwisho, ile iliyoandikwa Maoni ya Mwananchi. "Na hapa nimeandika, 'Lala salama, Mwalimu.' Madam, hayo ni maoni juu ya soko?"

Niliivuta ile karatasi. Jamani, sikuwa nimewahi kusoma ile safu hata siku moja. Nilikuwa nimehesabu saini tu. Safu nzima ilikuwa rambirambi: Poleni familia. Mungu ametoa. Ulinifunza hesabu, sitakusahau. Tutaonana asubuhi ile njema. Mmoja alikuwa ameandika kwamba chakula kilikuwa kizuri.

"Tulikuwa tunalia," Felista akasema. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonichoma. "Mimi huyo Mwalimu ndiye alinifunza kuandika hii jina. Unachukua pole yangu unafanya nayo hivi?"

Akaomba nakala, nikampa, kwa sababu ilikuwa haki yake na kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatafuta cha kufanya. Wiki mbili hazikuisha, akina mama wa kuku wakawa wamekwenda mahakamani Kakamega na wakili kijana aliyekubali kuwasimamia, wakisema sheria ilipitishwa bila wao kuulizwa.

Ofisi ilitakiwa kujibu kwa kiapo, na mwenye kuapa alikuwa mimi. Mwenzangu mmoja, mtu mwema tu aliyenihurumia, akanipa njia ya kutokea. "Rispa, piga chapa upya hiyo orodha. Majina na saini peke yake, hiyo safu ya maoni iondoe. Funika kombe mwanaharamu apite." Akaniambia nakala ya Felista haina muhuri, tutasema ni karatasi nyingine. Nitakuwa mkweli kwenu, maana mmenivumilia mpaka hapa: nilikaa mbele ya mashine na vidole vikaanza. Nilifika jina la kumi na kitu. Nilikuwa na kazi ninayoipenda na kijana wangu alikuwa chuoni, na niliogopa.

Mzee Hamisi aliingia akanikuta. Akaangalia karatasi ya zamani, akaangalia ninayopiga, akavuta kiti. Nilidhani atanihubiria. Aliniuliza tu, kwa ile sauti yake ya mikutanoni, "Rispa, kanuni ya kupokea maoni hapa ofisini nani aliiandika?"

"Mimi."

"Na aliyekwenda kupokea?"

"Mimi."

"Na malalamiko ya yule mama yalipokuja, yamesikizwa na nani?"

Nilianza kulia na kucheka kwa pamoja, kwa sababu miaka yote hiyo nilikuwa nikiwachekesha watu kwa yule baba wa imondo, na kumbe amekaa kwenye kiti changu. Mzee Hamisi akachukua ile karatasi niliyokuwa nimeanza kupiga, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. "Wallahi, mimi siwezi kukuamulia," akasema. "Lakini hii nimeichukua nifungie karanga."

Nikaandika kiapo changu upya: kwamba saini zilichukuliwa matangani, kwamba kichwa cha fomu kilikuwa kimefunikwa, kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyeulizwa kuhusu soko. Nikaambatisha karatasi sita za asili na rambirambi zake zote. Mkuu wa ofisi alikisoma chote, halafu akasema nipeleke hivyo hivyo.

Jaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyoshuka puani. Alizisoma zile karatasi kwa sauti, moja moja, kwa uso mkavu. "Poleni familia." Watu wakaanza kukohoa. "Ulinifunza hesabu, sitakusahau." Alipofika kwa aliyesifu chakula, hata askari wa mlangoni aligeukia ukuta. Mimi nilitamani sakafu ifunguke. Kisha Jaji akavua miwani. "Naona marehemu aliagwa vizuri," akasema. "Wenye soko bado hawajaulizwa." Akaifuta ile sheria na kuamuru kazi ianzwe upya, ifanywe kama Katiba inavyotaka.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yangu, wanangu, ingawa nilikuwa nimeifundisha miaka. Mama wa kuku alikuwa amesimama dhidi ya serikali nzima, na serikali ikarudi nyuma, bila jiwe kurushwa. Kitu kilichomshindia ni kijitabu nilichokuwa nimemfunza mimi, na aliyeshindwa ni mimi. Nilitoka pale nimeaibika, na bado kuna sehemu ndani yangu ilikuwa na furaha ambayo sikuweza kuificha.

Barua ya onyo nilipata, na nikahamishiwa Chekalini. Watu walisema ni adhabu, lakini nilikula mahindi mazuri sana huko. Nilidhani sitaiona Kwa Ingokho tena. Lakini mkutano wa pili ulipopangwa, ofisi iliwauliza akina mama wanataka nani auendeshe. Felista alisema, "Huyu huyu madam. Aliyemwaga ndiye apanguse."

Nikarudi. Kabla ya kupanga tarehe nilizunguka vijiji vitatu kwa miguu nikiuliza swali moja tu: kuna maiti? Kuna mgonjwa mahututi? Kuna harusi? Nilipata Jumanne isiyo na msiba. Viti nikavipanga kwa duara na kukikalia kimoja kabla havijahama. Rasimu ilisomwa kwa Kiswahili na kwa Kiluhya, polepole, na kila mtu akapewa nakala. Wanawake wa nyuma walisema kwanza.

Sasa mtafikiri Felista alishinda. Mimi mwenyewe nilikuwa namwombea ashinde, ingawa hairuhusiwi. Alisimama akaongea vizuri kuliko wakili yeyote. "Kuku hauzwi mahali gari halipiti," alisema. "Mnataka tumuuzie nani, wagonjwa? Mimi nimekaa hapa na mama yangu amekaa hapa. Mkinitoa hapa mmenitoa kwa watoto wangu." Wauza mboga wakasimama upande wa pili. Walisema malori yanapanda mpaka kwenye mikeka, kwamba mwezi uliopita lori liliponda matenga na kumvunja mguu dada mmoja wa nyanya, naye yule dada alikuwa pale, na magongo yake. Akasema, "Felista, hata mimi nina watoto. Nataka wanikute nikiwa na miguu."

Walibishana mpaka saa sita. Felista na wenzake walipigania walichoweza: paa, maji ya mfereji, na kibao kikubwa barabarani cha kuonyesha kuku wako wapi. Vyote vikaandikwa ndani ya sheria. Lakini ilipofika suala lenyewe la kuhama, mikono iliyoinuka kukubali ilikuwa mingi kuliko iliyokataa, na sikuhitaji kuhesabu mara mbili. Wengi wape. Nilimtazama Felista nikaona uso umemlegea, nikajua anafikiria nini.

Kwa kuwa mtaniuliza: alihama. Wateja wengine walimfuata, wengine hatukuwaona tena, na mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Watoto wawili walimaliza shule, wa tatu alichelewa mwaka mmoja. Bado yuko huko karibu na zahanati, na mimi kuku wangu wa Krismasi nanunua kwake, naye ananipunja kidogo kila mara na mimi sisemi kitu.

Lakini mwisho wa mkutano ule nilipitisha fomu. Nilikuwa nimetoa kibanio, kichwa kiko wazi, herufi kubwa. Ilipomfikia Felista aliishika kwa mikono miwili, akaisoma kutoka juu hadi chini, akaigeuza nyuma, kisha akainua macho akaniuliza mbele ya watu wote, "Madam, leo hakuna maiti?"

Duara zima likacheka, na yeye mwenyewe akacheka, akapangusa macho kwa leso. Nikasema hakuna. Akaandika jina lake, namba yake, akasaini. Halafu akakaa na safu ya mwisho kwa muda mrefu kuliko wote, akiandika kwa ule mwandiko aliofunzwa na Mwalimu, mpaka tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye kiti kilichokuwa wazi.

Sikuisoma mpaka nilipofika ofisini. Safari hii niliisoma kila safu, kila mstari. Wake ulikuwa na maneno manne:

"Sikubali. Lakini safari hii nimeulizwa."

Nilihesabu tena nikaona ni matano. Hesabu haijawahi kuwa kazi yangu.